Mpaka Ulibaki Palepale

Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuzitia machoni. Magharibi ya Ziwa Victoria walikubaliana mpaka ufuate nyuzi moja kusini ya ikweta. Mto Kagera hawakuujali. Mto huo una njia zake: unapanda kaskazini, unashuka hadi Kyaka, kisha unapanda tena kwenda kumwaga maji ziwani upande wa Uganda. Kati ya mto na ule mstari kikabaki kipande cha ardhi ya Tanganyika, kilomita za mraba zipatazo 1,800.

Kwa ajili ya kipande hicho baba yangu mdogo aliondoka Urambo mwishoni mwa 1978, na hakurudi.

Habari ya vita yenyewe kila mtu wa rika la wazazi wangu anaweza kuisimulia bila kuulizwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka Mutukula. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba mpaka halali ni mto, na kwamba yote yaliyo kaskazini yake sasa ni Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wapatao 1,500 wakauawa na maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao mwaka 1964 kule Cairo ulikuwa umeazimia kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe, ulitaka pande zote mbili zitulie. Nyerere hakutulia. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likavuka 100,000 katika wiki chache, kwa kuongezewa polisi, magereza, JKT na mgambo.

Baba mdogo alikuwa mgambo. Huku kwetu mgambo walikuwa wakulima wa tumbaku waliojifunza kushika bunduki jioni baada ya shamba.

Ukitazama ramani utaona jinsi Urambo ilivyo mbali na Kagera. Unakata Kahama, Biharamulo, Muleba, ndipo uifikie Kyaka, na leo kuna lami. Nadhani hata neno Mutukula halikuwahi kutamkwa nyumbani kwetu kabla ya mwaka ule. Lakini Urambo si ngeni kwa vita vya watu wanaogombea mahali pa kupita au pa kutawala. Wilaya inabeba jina la Mtemi Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 na kuifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Msafiri Mzungu Stanley alijitia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakaenda kumvamia Mirambo kule Ulyankulu, wakarudi wanakimbia. Vitabu vinamkumbuka Stanley aliyekimbia kuliko wapagazi waliobaki porini, na hilo limekuwa desturi ya vitabu. Tena katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 19 Septemba 1916, Wabelgiji waliingia Tabora wakitokea Kongo. Waliishika nchi hii ya magharibi wakitumaini kuibadilisha na ardhi nyingine waliyoitaka karibu na mdomo wa Mto Kongo. Wapagazi waliowabebea mizigo walikufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, na Kigoma ikakabidhiwa kwa Mwingereza mwaka 1921. Kila mara mwenye kufa alikuwa mtu wa mbali na jambo lenyewe.

Sasa niseme wazi kwamba sina ugomvi na vita vya Kagera. Nimewasikia watu wa Missenyi, kule mpakani, wakieleza yaliyowapata, na sijui serikali gani yenye heshima ingewaacha. Uvamizi ulikuwa uvamizi. Lakini haki ya vita haipunguzi msiba hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi huwa wanaharakisha kunifariji. Wakisikia kwamba alikufa vitani huniambia alikuwa shujaa, kana kwamba wamenipa kitu mkononi. Nawashukuru, maana wamesema kwa wema.

Tena hakufa kwa namna wanayoifikiria. Lori lilipinduka, upande wa Masaka, baada ya mji huo kutekwa mwishoni mwa Februari 1979. Askari wetu wengi waliofariki katika vita vile hawakufa kwa risasi bali kwa ajali na maradhi. Lori lenyewe, kwa maelezo ya mwenzake mmoja aliyerudi, lilikuwa la mtu binafsi lililochukuliwa kwa kazi ya vita, na ubavuni bado lilikuwa na jina la tajiri wake. Mwenzake huyo alilieleza hilo mara nyingi zaidi kuliko alivyoeleza ajali. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapoteza maneno. Leo naona ndicho kitu pekee alichokiona vizuri.

Kazi za tumbaku ndizo zilizokuwa kalenda ya nyumbani, na mambo ya mbele yalisikika redioni kwa kufuatana nazo. Alipoondoka, miche ilikuwa kitaluni. Mutukula ilipotwaliwa mwezi wa Januari, miche ilikwisha pandikizwa na watu walikuwa wakipalilia. Habari za Masaka zilikuja majani ya chini yakianza kuiva. Kampala ilianguka 11 Aprili, na bani zilikuwa zinawaka. Aliyewahi kukausha tumbaku ya mvuke anajua kwamba bani haliachwi: moto ukizidi, majani yanaungua, ukipungua, yanaoza juu ya fito. Mtu hulala mlangoni pa tanuri na kuamka kila baada ya muda kuchochea. Kwa hiyo usiku ule watu walipokuwa wakishangilia barabarani, babu na baba walikuwa wakisukuma magogo ya miombo. Kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu. Barua ilikuwa haijafika bado.

Ilifika Juni, vita vikiwa vimekwisha kule West Nile, wakati wengine wakianza kuwapikia wanaorudi. Bibi hakukubali matanga yaanze siku hiyo. Alisema barua imeandikwa na mtu, na mtu hukosea jina. Akasubiri hadi yule mwenzake arejee na kumweleza uso kwa uso, ndipo akalia. Kaburi hatukuwa nalo. Mashujaa wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mahali panapotunzwa vizuri na jeshi. Bibi hakuwahi kufika. Aliponipa jina la mwanawe, mimi nikiwa mtoto mchanga, baba alikataa kwanza, kisha akanyamaza. Hadi leo akinikasirikia huniita "wewe", hataki kuligombeza jina lile.

Ninachoshindwa kukizoea ni hiki. Vita tulishinda, na ushindi wake ulikuwa kuurudisha mpaka palepale ulipokuwa. Nimewahi kusimama Mutukula. Kuna maofisa wa uhamiaji, malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanakuvuta shati, akina mama wanauza senene. Amani tupu, nami nilifurahi kuiona. Lakini mfiwa hutafuta mahali pa kukilinganisha alichokipoteza na kilichopatikana, na pale hapana. Hakuna shubiri moja ya ardhi iliyoongezeka ambayo unaweza kusema hii ndiyo yake. Aliyepoteza mtu kwa kulinda kitu kisihame hana cha kuonyesha. Ndiyo maana nikisikia vijana wakilizungumzia Ziwa Nyasa na Malawi kwa mdomo mwepesi, mgogoro uliozaliwa na mkataba uleule wa 1890, huwa nawaomba waseme kwanza ni mtoto wa kijiji gani watakayemtuma.

Hesabu ya taifa ilijulikana. Vita viligharimu kiasi cha dola milioni 500, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikawa miaka, sabuni na sukari zikawa za foleni, na walioishi wakati huo hawahitaji kukumbushwa.

Nyumbani kulikuwa na hesabu nyingine, ndogo. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa tangu 1976, hivyo mikopo ya pembejeo iliandikwa katika daftari la kijiji. Msimu ule baba mdogo alikuwa amechukua mifuko ya mbolea kwa jina lake, kwa ekari zake za kwanza, maana alitaka kuoa. Mbolea ilimwagwa na baba, tumbaku ikavunwa na baba, lakini jina daftarini lilibaki la mwenye kukopa. Karani aliuliza afanyeje, akijitolea kupeleka maombi ya kulifuta. Babu akakataa. Alisema mbolea ilifika shambani na mimea iliila. Deni likakatwa kwenye mauzo ya mwaka uliofuata, na karani akaliandika kwa jina lilelile: limelipwa.