Nilinunua Laptopu ya Zamani na Nikaacha Windows. Sijutii (Sana)

Wengi mmekuwa mkiuliza mbona nilipotea wiki tatu bila video. Jibu fupi: laptopu yangu ilikufa. Jibu refu ndilo hili.

Nilikuwa na 27,000. Elfu kumi na tisa zilikuwa zangu, za kupiga video harusi mbili na ruracio moja. Nane zilitoka kwa mathe, pesa za chama. Aliniambia kitu kimoja tu: "Hizi si za kuonyesha watu. Ni za kazi."

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ukweli usemwe, nilitaka kuonyesha watu. Nilitaka MacBook, tena kwa lipa pole pole. Nikapiga hesabu ya malipo ya kila siku kwa mwaka mzima, nikapata ningelipa karibu mara mbili ya bei ya keshi. Manze, nikafunga hiyo hesabu haraka.

Jumamosi nikashuka tao. Muuzaji akanitolea ThinkPad T460. "Bosi, hii imetoka Uingereza, na iko na Windows 11 tayari. 21,000 tu." Skrini safi, kibodi tamu. Nilikuwa nishatoa simu nilipe, kisha nikakumbuka kuangalia prosesa: Core i5, kizazi cha 6.

Sikiza hapa vizuri. Kwa upande wa Intel, Microsoft inakubali Windows 11 kwa prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Hii ya kizazi cha 6 iliwekewa kwa kuruka ule ukaguzi. Itafanya kazi leo, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho ya usalama kesho. Na Windows 10, ambayo ingeitosha, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani mashine ni nzima, haina ugonjwa, ni karatasi tu zimeisha muda.

Mimi nilikuwa nimeenda na flashi. Usiku wa kuamkia hapo nilishusha Linux Mint kwa saiba, faili ya karibu GB 3. Muuzaji akacheka: "Hiyo si ni ya mahaka?" Lakini akaniacha nijaribu. Mashine ikawaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski. Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka, kamera ikaona uso wangu umejaa jasho.

Halafu nikaangalia betri. T460 iko na mbili, moja ndani na moja nyuma. Ya nyuma ilikuwa imebaki chini ya nusu ya nguvu zake. Nikamwonyesha namba, akanyamaza kidogo, bei ikafika 18,500. Zilizobaki zikanunua betri ya nyuma na RAM ya kutoa mashine GB 4 hadi 12.

Sasa nije kwa ile sehemu wapenzi wa Linux huwa wanairuka. CapCut haina toleo la Linux. Premiere pia haina. DaVinci Resolve iko, lakini ile ya bure ukiwa Linux haifungui video za H.264, na hizo ndizo simu nyingi hurekodi. Nikahamia Kdenlive. Wiki ya kwanza nilihariri video ya dakika tatu kwa siku mbili, na usiku wa pili nilikaribia kulia. Tena mtihani mmoja wa chuo unataka programu ya Windows pekee, so huo naufanyia kwa maabara.

Ndio maana binamu yangu aliponiuliza kama naye anunue kama yangu, nilimwambia zii. Anasoma uhasibu, na programu ya darasa lao ni ya Windows tu. Nilimshauri angoje mwezi mmoja, aongeze pesa, atafute T480 ya kizazi cha 8.

Kwa hivyo usiniulize Linux ama Windows ni gani noma. Chukua karatasi, andika kila kitu ulichofanya kwa kompyuta wiki iliyopita. Kama ni intaneti, kuandika kazi za chuo na kutazama filamu, mashine ya zamani na Linux itakutosha. LibreOffice inafungua faili za Word, ingawa saa zingine mpangilio unahama, so tuma PDF. Lakini kama kuna kitu hata kimoja kinachokulisha ama kukupa alama, na kinataka Windows, usishawishiwe na mtu yeyote wa mtandaoni. Hata mimi.

Na ukienda tao, nenda na flashi. Muuzaji akikukataza kujaribu, huyo ameshakujibu.

Mathe alipoiona aliuliza mbona ni nyeusi na nene kama redio ya guka. Sai anaiita hivyo tu, "redio". Wiki iliyopita nilimaliza video ya harusi ya tatu kwa hiyo redio. Pesa ilipoingia kwa M-Pesa, nilimtumia 3,000 za kwanza.

Zimebaki tano.