Mfuko wa kiko na tumbaku isiyovutwa ovyo

KUSINI magharibi mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani kuna mji mdogo uitwao Pipestone, jina lenye maana ya jiwe la kiko. Nje ya mji, katikati ya nyasi ndefu, kijito huporomoka juu ya miamba myekundu. Chini ya mwamba huo mgumu kuna tabaka jembamba la jiwe laini, jekundu pia. Wenyeji wa asili wa Marekani hulichimba kwa nyundo na mitaimbo, kazi ya mikono mitupu, na kulichonga viko vya ibada.

Kiko cha namna hiyo hakiachwi wazi. Kwa Walakota na Wadakota hukaa katika mfuko mrefu wa ngozi ya kulungu, na kuushona si kazi ya siku moja.

Ngozi huparuliwa nyama na manyoya, kisha hupakwa ubongo wa mnyama uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Ndiyo, ubongo, mafuta yake huilainisha. Hapo ndipo jasho linapoanza, kwa sababu ngozi lazima ivutwe na kunyooshwa mpaka ikauke. Ukiiacha ikauke yenyewe, inakuwa ngumu kama ubao. Mwisho hufukizwa moshi wa mbao zilizooza, ili hata ikinyeshewa ibaki laini.

Kushona kulikuwa kazi ya wanawake, kwa kano za mnyama badala ya uzi. Kabla ya shanga za Ulaya kuenea, pambo lilikuwa miiba ya nungunungu. Mama aliilainisha mdomoni, akaibana kwa meno mpaka ikawa bapa. Binti alijifunza kwa kukaa karibu naye.

Kukaa huko kulikatwa. Mwaka 1893 serikali ilifungua shule ya bweni hapo hapo Pipestone, iliyodumu hadi 1953. Katika shule za aina hiyo watoto walitengwa na wazazi, wakakatazwa lugha na mila zao. Sheria ya kulinda ibada zao ilipitishwa 1978 tu. Leo wapo wanaojifunza ushonaji kwa kuchungulia mifuko ya zamani kwenye makabati ya makumbusho.

Mzazi atazame zaidi jinsi mfuko unavyotumika. Kichwa cha jiwe na mpini wa mbao hukaa ndani vikiwa vimetenganishwa, na huunganishwa wakati wa sala tu. Kinachowashwa mara nyingi ni gamba la ndani la mti, pengine bila tumbaku kabisa, na kwa kawaida moshi haushushwi mapafuni. Si kwamba moshi huo ni dawa. Moshi ni moshi. Lakini una siku yake.

Pakiti ya sigara haina siku. Kati ya makundi yote ya watu Marekani, wenyeji hawa ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha uvutaji sigara. Moshi huo ukijaa nyumbani, watoto hupata nimonia na maambukizi ya masikio, na mwenye pumu huzidiwa.

Ndiyo maana wahudumu wengi wa afya wa makabila hayo hawaanzi na kauli ya kupiga tumbaku marufuku. Huwaambia wazazi waitoe kwenye pakiti, wairudishe mfukoni.