Kumwuguza Furu

Sisi wakaao Musoma twamjua samaki chunguni kuliko tumjuavyo majini. Kwa hiyo nilipoonekana nikimwuguza furu mmoja, asiyezidi urefu wa kidole, jamaa walicheka. Shemeji yangu alikuja kutoka Butiama, akatazama, akasema, "Shemeji, si umkaange tu?" Nikamjibu kuwa huyo ni mgeni wa mjukuu wangu, na mgeni haliwi.

Mjukuu alimnasa baina ya mawe ya ufukweni, upande wa Bunda, akamtia katika sanduku la kioo la lita 40 pamoja na wenzake wawili. Haukupita muda akaota vidoa vyeupe mapezini, mfano wa chembe za chumvi. Akawa ajikwaruza mawe, ahema upesi, na chakula hataki.

Maradhi hayo huletwa na kijidudu kijichimbiacho chini ya ngozi ya samaki. Kikishashiba hudondoka, hujigawa kwa mamia, na watoto wake huogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Kingali ngozini, dawa haikifikii. Hufa kiogeleapo tu. Basi, msomaji, kitibiwacho kwa hakika ni maji yenyewe. Ndiyo maana hatukumtenga mgonjwa peke yake, wala hatukuacha dawa vidoa vilipotoweka.

Tulipima chumvi gramu 3 kwa kila lita, tukaiyeyusha kando, tukaitia kidogo kidogo kwa siku mbili. Kila siku tuliondoa robo ya maji na mabaki ya chakula, kwani yakioza huzaa amonia iunguzayo matamvua. Maji mapya ya bomba tuliyaacha wazi ndooni siku nzima ili klorini itoke, kisha tukayatia chumvi kwa kipimo kile kile. Usiku mmoja umeme ulikatika, na pampu ya hewa ikanyamaza. Mjukuu akakaa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, mpaka karibu na alfajiri.

Je, yote hayo kwa furu? Sangara alitiwa ziwani tangu miaka ya 1950, na alipozidi mno katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, katika zile zikadiriwazo kupita 500, zilitoweka. Tena Waislamu twaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kioo nacho ni kifungo.

Siku ya sita alikula. Chumvi tuliendelea nayo majuma mawili, ndipo tukaipunguza.

Mwezi uliofuata akakataa chakula tena, na kidevu kimevimba. "Babu, amerudiwa!" Nikamwambia atazame vizuri: ngozi safi, pumzi shwari. Furu jike huatamia mayai kinywani, na muda wote huo hali. Mtoto akaenda kutafuta kanga kuukuu, akalifunika sanduku upande wa mlangoni, na tangu hapo kila apitaye sebuleni huamriwa kunyata.