Mguu wa Kushoto wa Baba

Jumamosi, 8 Juni 2024. Tanga.
Goti la kushoto la Baba limeikataa klachi. Leo kutoka Chumbageni hadi Raskazone, kila tukisimama alikuwa anainua paja kwa mkono ili mguu ufike kwenye pedeli. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Ndugu wanataka gari liuzwe, anunuliwe kigari cha Kijapani cha otomatiki. Mimi sitaki. Hii Mercedes-Benz 300D ya 1983, umbo la W123, ina injini ya silinda 5, sentimita za ujazo 2,998, nguvu farasi 88. Haina mbio, lakini Baba anaijua kwa sauti, na mtu wa umri wake hafundishwi gari jipya kwa amri ya kikao. Tena kiwandani 300D zilitoka za aina mbili, za gia za mkono na za otomatiki. Kinachotakiwa kipo, ni kukitafuta.

Jumatano, 19 Juni.
Fundi wa Ngamiani alishauri giaboksi ya Toyota, kwa kuwa zimejaa. Tumebishana kwa heshima, na mwishoni amekubaliana nami. Giaboksi za siku hizi zinaamriwa na kompyuta, na injini hii haina kompyuta wala sensa ya kuiambia dereva amekanyaga kiasi gani. Ile ya Mercedes ya miaka hiyo, 722.3 yenye gia nne, inafanya uamuzi kwa presha ya mafuta yake yenyewe: gavana inapima mwendo wa gari, kebo ndogo kutoka kwenye pedeli ya mafuta inapima mguu, vakyumu inaamua gia iingie kwa ulaini au kwa nguvu. Chuma, mpira na mafuta, basi. Fundi akiwa na geji na subira anaifikia.

Ijumaa, 5 Julai. Dar es Salaam.
Tumeipata: 300D ya otomatiki, usukani kulia kama yetu, imegongwa ubavuni ikafa bodi. Injini inawaka, kwa hiyo tuliijaribu giaboksi kabla ya kulipa. Fundi alichomoa kijiti, akapaka mafuta kwenye karatasi nyeupe, akanusa. Mekundu, hayana harufu ya kuungua. Tumechukua kila kitu kinachohusika: giaboksi na toki konveta yake, propela shafti, kifundo chake, mkono wa gia na vyuma vyake, pedeli pana ya breki, swichi inayozuia injini kuwaka isipokuwa kwenye P au N, hata radieta, kwa sababu ya kwetu haina sehemu ya kupoozea mafuta ya giaboksi. Muuzaji alitaka kubaki na radieta. Bila hiyo nisingenunua.

Jumamosi, 20 Julai.
Siku nzima gereji. Mambo mawili nataka yaandikwe, maana ndiyo mtu wa haraka angeyaruka.

La kwanza ni flaiwili. Gari la klachi lina flaiwili nzito. La otomatiki lina bamba jembamba linaloshika konveta. Krenki ya injini hii ilisawazishwa pamoja na flaiwili yake, kwa hiyo bamba la injini nyingine haliwezi kufungwa hivi hivi. Limepelekwa kwa fundi mashine likasawazishwe liendane na flaiwili yetu ya zamani. Ukiliruka hilo, injini inatetemeka mpaka iharibu beringi zake.

La pili ni breki. Kwenye W123 klachi inakunywa kutoka kwenye kikombe kilekile cha mafuta ya breki, kwa kijibomba cha pembeni. Ukiondoa klachi ukakiacha wazi, mafuta ya breki yanashuka nawe unaendesha. Nimesimama pale pale mpaka Fundi alipokiziba, nikakivuta kwa mkono wangu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane.
Gari linakwenda, lakini linapiga. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kunasikika kishindo, Baba akashika dashibodi. Fundi anataka kuikaza kebo. Nimemwomba asubiri. Kebo inahusu gia iingie lini. Kishindo ni habari ya vakyumu. Injini ya petroli inajipatia mvuto wake kwenye njia ya hewa, kwa kuwa kuna kipepeo kinachoibana. Dizeli inavuta hewa bila kubanwa, mvuto haupo, ndiyo maana wameiwekea pampu mbele ya injini. Pampu hiyo moja inahudumia boosta ya breki, kuzima injini, kufuli za milango, na sasa giaboksi. Nimegundua pia ukigeuza funguo injini inachelewa kuzima. Kuna mahali panavuja.

Jumapili, 11 Agosti.
Mlango wa nyuma kushoto! Fundi aliziba tawi moja baada ya jingine huku akitazama geji, na alipofika kwenye kufuli za milango, sindano ikapanda. Mpira wa ndani wa kufuli umepasuka kwa uzee. Ameutenga mlango huo hadi tupate mwingine. Giaboksi ikatulia saa ile ile, hakuna aliyegusa hata skrubu yake. Ningekuwa gazetini ningewaandikia mafundi wote wa pwani: kabla hujashusha giaboksi ya Mercedes ya dizeli kwa sababu inapiga, kagua milango.

Jumamosi, 24 Agosti. Lushoto.
Baba ameendesha kutoka Mombo hadi hapa, mguu wa kushoto umepumzika. Kupanda, injini inapiga kelele na haina haraka, malori ya mboga yametupita. Kesho kushuka kuna kazi: nimemwonesha aweke S, na kwenye kona kali za chini ya Soni aweke L, injini ishike gari na breki zisichemke. Ameuliza kama atalisukuma betri ikifa. Hapana, pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, gari likisukumwa hakuna presha. Kwa hiyo betri mpya, na plagi za kupasha moto zote tano zikaguliwe.

Jumatano anataka kwenda Pangani peke yake. Nimemwandikia kwenye karatasi ya dashibodi: mafuta ya giaboksi hupimwa yakiwa ya moto, injini ikinguruma, gia kwenye P.