Kitambaa Kilichorudi Kitupu

Mama alikuwa akinifungia kipande cha mkate wa mahindi kwenye kitambaa, nami nikifika shuleni nakila nimegeukia ukuta. Huko Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1990, watoto wa wafanyabiashara walikuja na mkate mweupe wa bulanjeri, unabonyea ukiugusa. Wetu ulikuwa wa manjano, mzito, unanuka moshi. Niliumaliza upesi, hadi makombo, ushahidi usibaki. Mahindi yalitoka kwa shangazi aliyelima Mbau, kaskazini ya Beni, na gunia lilipanda kwetu juu ya lori.

Jumamosi jioni mama alipima unga wa makopo mawili, yale ya maziwa ya Guigoz, akaumwagia maji yanayotokota, akasonga kidogo na kuuacha upoe. Asubuhi aliponda kwa mkono ndizi zilizoiva hadi ganda kuwa jeusi. Ndizo zilizoshika mkate, maana mahindi hayana ule mnato wa ngano. Chumvi, mawese kidogo. Jani la mgomba alilipitisha motoni mpaka likang'aa na kulegea, akalitandika ndani ya sufuria. Sufuria ikakaa juu ya mbabula, jiko la makaa, na kifuniko nacho kikabebeshwa makaa. Saa hakuwa nayo. Aliinama akanusa, jani likianza kutoa harufu ya kuungua, aliondoa makaa ya juu kwanza. Mkate ukipinduliwa unakuta mistari ya jani imechapwa mgongoni, mmoja mmoja. Makaa mangapi, sikuwahi kumwuliza.

Leo nina oveni ya gesi na bati la vikombe 12 nililoletewa kutoka Kampala. Mara ya kwanza nilifuata maelezo ya kwenye simu: vimkate viliumuka kwa majivuno, kisha vyote vikabonyea katikati. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, donge huinuka upesi kabla halijajishika. Nikapunguza baking poda, vikasimama. Binti yangu mdogo akaonja akasema, "Mama, ni vitamu, kama vya dukani!" Alikuwa ananisifu.

Na unga ulikuwa wa dukani kweli, umevuka mpaka wa Kasindi kutoka Uganda. Wa Mbau haupo tena. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakiuawa mashambani na njiani, na shangazi alikimbilia mjini akiacha mahindi yamesimama, yamekauka, yanangoja kuvunwa. Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018: ndoo ya maji ya klorini mlangoni, hakuna kupeana mikono. Mama alifariki 2019. Haikuwa Ebola, lakini waliomzika walivaa glavu, nasi tulisimama mbali.

Juzi nilimpigia shangazi simu, nikitumaini anajua hesabu ya makaa.

"Mimi nijulie wapi?" akacheka. "Ule mkate hata siupendi, unanikwama kooni. Nilikuwa natuma mahindi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu, shangazi?"

"Mama yako alinisumbua kila msimu. Eti mtoto anaupenda mno, kitambaa kinarudi hakina hata chembe."