Fuvu la Kabwe liko London, pango haliko tena

Madereva wa Lubumbashi wanaovuka Kasumbalesa kwenda Lusaka wanapita Kabwe, muji ulioitwa zamani Broken Hill. Reli iliyofika kule mwaka 1906 ndiyo iliendelea mpaka kufika Elisabethville mwaka 1910. Lakini wachache wanajua kama ni pale fuvu la mtu wa kale sana lilitolewa chini ya udongo.

Mwenye kwenda kutafuta pango lenyewe atarudi bure. Kilima chake kilikuwa cha risasi na zinki, na mgodi ulikila chote. Wachimbaji walikuta ndani mifupa mingi ya wanyama imeshikamana na madini, na sehemu kubwa iliingia motoni pamoja na mawe. Tarehe 17 mwezi wa sita 1921, Tom Zwiglaar, mchimbaji kutoka Uswisi, aliona fuvu likimtazama. Alikuwa na mfanyakazi mweusi. Jina la Zwiglaar liko katika vitabu, la mwenzake halikuandikwa. Wale ambao babu zao walifanya kazi Union Minière hawatashangaa.

Fuvu lina mfupa mnene juu ya macho. Meno mengi ya juu yameoza: masikini, mtu yule aliumwa meno kweli. Kipimo kilichotangazwa mwaka 2020 kilionyesha umri wa miaka karibu 300.000.

Kampuni ya mgodi ililipeleka Uingereza, na mpaka leo liko Natural History Museum ya London. Zambia inaliomba tangu miaka ya 1970. Lusaka, katika jumba la makumbusho la taifa, kuna mfano wake tu.

Mama mmoja aliyekimbia vita Mitwaba, na sasa anaishi kwa jamaa yake Ruashi, alielezwa habari hii na mtoto wake anayesoma sekondari. Akanyamaza kidogo. “Na siku watamurudisha,” akauliza, “watamuweka wapi, kama kilima chake kilikwisha?” Mtoto akasema: Lusaka. Mama akasema Lusaka si kwao.

Anayetaka kupeleka watoto Kabwe ajue jambo moja. Mgodi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi la risasi lilibaki, na watoto wa mitaa ya karibu wanaendelea kupatikana nayo katika damu. Watoto wasichezee udongo wa pale, na wanawe mikono vizuri mbele ya kula.