Maisha ya Mwanagenzi Katika Miji ya Malindi na Kilifi

Kila mwaka vijana wengi wa vijiji vya Ganze, Bamba, Vitengeni na Marafa huacha makwao wakashuka pwani, si kwa kutembea bali kwa kujifunza kazi. Hao ndio wanagenzi. Wamekwisha soma chuoni, lakini hawawezi kupewa cheti mpaka wafanye kazi kwa muda, aghalabu miezi mitatu, mahali ambapo kazi ni kazi kweli. Wengine huingia katika maofisi ya serikali, wengine hospitali, wengine hoteli, na wengine karakana za magari. Kila mmoja ana daftari lake ambalo huandika humo kazi aliyoifanya siku ile, na msimamizi wake hutia sahihi.

Jambo la kwanza ambalo yafaa lijulikane na wazazi ni kwamba mwanagenzi, mara nyingi, halipwi mshahara. Yeye hufanya kazi mchana kutwa kama karani yeyote, na mwisho wa mwezi wenzake wanapopokea fedha, yeye hurudi chumbani mikono mitupu. Kodi ya chumba, chakula na nauli vyote hutoka nyumbani. Kwa hiyo baba huuza mbuzi, na mama huuza nazi au korosho, ili mtoto apate kukaa mjini kufanya kazi isiyo na malipo. Watu wengi wa kijijini hawalielewi jambo hili, huuliza, “Mtoto yuko ofisini, mbona bado anaomba pesa?”

Huko Malindi mwanagenzi hutafuta chumba katika mitaa kama Barani, Maweni au Kisumu Ndogo. Na huko Kilifi hukaa Kibaoni, Mtaani, au ng'ambo ya pili ya hori huko Mnarani. Aghalabu watu wawili hukaa chumba kimoja ili wagawane kodi. Binti mwenye shangazi au mamake mdogo mjini hukaa kwake, akasaidia kupika na kuchota maji, na jambo hilo huwapa wazazi utulivu wa moyo.

Asubuhi mwanagenzi huamka kabla ya jua kuchomoza. Akipita njiani huwakuta akina mama na masufuria yao, akanunua mahamri mawili na mbaazi za nazi, akala amesimama. Tuktuk na bodaboda humpigia honi, lakini yeye huenda kwa miguu, kwa maana nauli ya asubuhi ndiyo chakula cha jioni. Ofisini hufika mapema akafungua madirisha na kufuta meza.

Somo lake la kwanza huwa si la vitabu. Mtu wa pwani hana haraka ya kuingia katika shauri kabla ya salamu. Kijana akimwendea mzee na karatasi mkononi bila ya kumwamkia “Shikamoo”, mzee huyo hatampa neno la maana. Lakini akimwamkia, akamwuliza hali ya nyumbani, akangoja kujibiwa, shauri lote hufunguka. Makarani wa zamani wanajua hivyo, na huwafundisha vijana kwa kuwaacha waone wenyewe.

Somo la pili ni gumu zaidi. Mathalani, mwanagenzi aliyewekwa penye majalada ya ardhi huona mkulima amesimama dirishani, kofia mkononi, na vumbi la Marafa miguuni. Ametoka kwake alfajiri, naye amekwisha kuja mara mbili kabla ya siku hiyo. Jalada lake halionekani. Karani aliyechoka angemwambia arudi wiki ijayo. Lakini mwanagenzi ni mtoto wa mkulima, naye ajua nauli ile imetoka wapi. Akiinama akatafuta rafu ya chini mpaka akaliona jalada, amejifunza kazi ya ukarani kwa siku moja kuliko kwa mwaka mzima chuoni. Akijifunza kusema “rudi wiki ijayo”, basi amejifunza jambo jingine, na fedha ya mbuzi wa babake imepotea.

Jumamosi alasiri na Jumapili ni siku za matembezi. Katika mji wa Malindi mtu maskini hakosi pa kwenda, kwa kuwa historia imejaa kando ya bahari. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea mfalme mkuu wa Uchina twiga, na mnyama huyo akawa ajabu kubwa katika mji wake. Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alitia nanga hapa, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba unaoingia baharini. Kijana asimamaye hapo huona pia jinsi maji yanavyokuwa mekundu mvua inyeshapo bara, maana mto Sabaki hushuka na udongo wa mashamba hadi baharini. Mkulima asiyeweka matuta shambani mwake anaweza kuona hapo udongo unakokwenda.

Akiwa na nauli, hupanda matatu ya njia ya Mombasa akashuka Gede. Humo msituni mna mji mzima wa mawe: misikiti, nyumba ya mfalme, visima na makaburi, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 1399 kwa hesabu ya Kizungu. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, akaona vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Watu wake walihama katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni vita na upungufu wa maji. Mwaka 2024 magofu hayo yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo hapo Gede pana kazi ya Kipepeo, iliyoanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi mpaka vinapojifunga gandani, kisha huviuza vipelekwe ng'ambo kwa ndege, watu wa huko wapate kutazama vipepeo wakitoka. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Mkulima anayepata fedha kwa kiwavi ana sababu ya kuuacha mti umesimama. Kijana wa Vitengeni akiliona jambo hili hurudi na habari yenye faida kwa jirani zake.

Kilifi nako kuna mambo. Zamani magari yalivuka hori kwa feri. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, na jioni vijana husimama karibu nalo wakitazama mashua chini. Karibu na hospitali pana kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Kilifi ilikuwa mojawapo ya mahali palipojaribiwa chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021 kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo mwanagenzi wa maabara mjini humo anaweza kusema kwamba kazi iliyofanywa mtaani kwake imewafikia watoto wa nchi nyingine.

Lakini mji una mitego yake. Ufuoni wako vijana waliovaa vizuri, wasio na daftari wala msimamizi, wanaopata kwa siku moja pamoja na watalii fedha ambayo mwanagenzi haioni kwa mwezi. Humwita, “Njoo kaka, ofisi yako inakulipa nini?” Swali hilo huuma, kwa kuwa jibu lake ni kwamba haimlipi kitu. Wapo walioacha mafunzo wiki ya sita wakafuata fedha hiyo. Ila fedha ya ufuoni hufuata upepo: wakati wa kaskazi wageni ni wengi, na kusi ikianza kuvuma hoteli nyingi hupunguza watu. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga safari za ndege, hata kaskazi haikuwafaa. Aliyejua kutengeneza injini, kupima damu au kutunza hesabu hakukosa kabisa pa kushika.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, wasitume fedha yote kwa mkupuo mmoja; ni afadhali kodi ilipwe mwanzo wa mwezi, na ya chakula itumwe kidogo kidogo kila wiki kwa simu. Pili, mzazi awezaye na afike ofisini mara moja amsalimu msimamizi, kwa sababu msimamizi aliyemwona baba huyu atamwangalia mtoto vizuri zaidi. Tatu, mtoto akirudi nyumbani likizo, wasiulize tu amelipwa nini. Waliangalie lile daftari, ukurasa kwa ukurasa, wamwulize: “Kazi hii uliyoiandika hapa, leo waweza kuifanya peke yako?” Akijibu kwamba aweza, na wamtazame akiifanya.